Jani Moja Halitoshi: Kuchunguza na Kutibu Maradhi ya Mimea Itambaayo Bustanini Madaba

Mteja huja na jani moja. Analitoa kwenye mfuko wa shati, limekwisha kusinyaa kwa jua la njiani, analilaza juu ya kaunta ya duka la pembejeo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nataka dawa ya majani ya pasheni, yanakuwa ya njano."

"Bomba lako ni la lita ngapi?"

Mazungumzo yameshatoka kwenye ugonjwa na kuingia kwenye kipimo cha dawa. Muuzaji hana kosa kubwa, maana ameulizwa dawa na anauza dawa. Ila lile jani limeyaacha nyumbani karibu mambo yote ambayo yangeweza kusema mmea unaumwa nini. Lilichumwa chini karibu na udongo au juu kwenye kilele? Njano imeshika mmea mzima au upande mmoja tu? Ilianza mvua zikiwa kali au zilipokatika? Shina likoje pale linapoingia ardhini? Na boga lililo jirani, je, nalo limeguswa?

Ninaloshikilia katika uchambuzi huu ni kwamba makosa mengi katika kutibu mimea inayotambaa na kuchanua hutokea kabla kifuniko cha dawa hakijafunguliwa. Njano, madoa na kujikunja ni dalili ambazo sababu zake zinaweza kuwa mizizini, hewani, kwenye ndoo ya mbolea au kwenye bomba la jirani. Hakuna dawa ya njano. Kuna dawa ya sababu fulani ya njano, na kuna sababu ambazo dawa yake ni panga na jembe.

Madaba ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Halmashauri hii ya Wilaya ya Songea, mkoani Ruvuma, imekaa njiani kati ya Njombe na Songea mjini, na watu wake wanajulikana kwa mahindi, maharage na tangawizi. Mvua ni ya msimu mmoja: huanza mwishoni mwa mwaka, hukolea Januari hadi Machi, hukatika Aprili au Mei. Kisha hufuata baridi ya Juni na Julai, halafu ukame na joto linalopanda mpaka Novemba. Kwa hiyo mwaka wa mmea umegawanyika sehemu mbili zenye maadui tofauti kabisa. Wakati wa mvua ndio wakati wa kuvu, bakteria na mizizi kukosa hewa. Kiangazi ni cha utitiri, vidukari na kiu. Anayejua tarehe ya dalili ameshapunguza nusu ya washukiwa.

Mimea yenyewe haihitaji orodha ndefu. Upo mpasheni juu ya waya nyuma ya nyumba, unaopendwa kwa tunda lakini wenye ua ambalo bustani yoyote duniani ingejivunia. Ipo bogonvilia getini na kwenye kuta za shule na makanisa. Yapo maboga, yanayotambaa kati ya mahindi na kupanda uzio, yakitoa maua ya njano na majani ya mboga. Zipo fiwi zenye maua ya zambarau. Pembeni hujiotea ua dogo la rangi ya chungwa lenye jicho jeusi, Thunbergia alata, ambalo asili yake ni huku kwetu Afrika Mashariki na ambalo bustani za Ulaya na Marekani hulinunua kwa mbegu, wakati kwetu linang'olewa kama gugu. Hapa nitakaa zaidi na mpasheni, kwa kuwa ndio wenye matatizo mengi na ndio unaowaumiza watu mifuko.

Tuanze na njano. Ndani ya mmea kuna virutubisho vinavyohama na visivyohama. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huhama: vikipungua, mmea huvitoa kwenye majani ya zamani na kuvipeleka kwenye chipukizi. Chuma na kalsiamu havihami, vikishajengwa kwenye jani vimekwama humo. Kutokana na hilo tu, mahali ilipoanzia njano panasema mengi kuliko rangi yenyewe. Majani ya chini yakififia yote kwa pamoja, kuanzia ncha hadi kikonyo, huku kilele kikiwa bado kibichi, naitrojeni imepungua. Majani hayohayo ya chini yakiwa ya njano katikati ya mishipa na mishipa ikabaki kijani, ni magnesiamu. Kingo zikiungua na kukauka kama zimepitiwa na moto, ni potasiamu, na mpasheni uliobeba matunda mengi huinyonya potasiamu kwa wingi. Lakini njano ikianzia juu, kwenye majani machanga, mishipa ikabaki imechorwa kijani juu ya jani lililopauka, hapo ni chuma, na kumwaga urea kwenye shina hakutasaidia kitu.

Januari na Februari, mvua kubwa inapopitisha maji ardhini siku baada ya siku, naitrojeni hushuka chini ya mizizi. Njano ya chini inayotokea wakati huo ni ya kutarajiwa, na samadi iliyooza vizuri au kiganja cha mbolea ya CAN kilichozungushwa mbali kidogo na shina huiondoa kwa majani mapya, ingawa yale yaliyokwisha kugeuka hayatarudi kijani. Udongo mwingi wa Nyanda za Juu Kusini una tindikali, na kwenye udongo wa namna hiyo magnesiamu na fosforasi huwa adimu kwa mizizi. Chokaa ya kilimo husaidia, hasa ile yenye magnesiamu ndani yake. Majivu ya jikoni nayo hupunguza tindikali, lakini yana kikomo. Nimeona bustani ambazo majivu humwagwa sehemu ileile kila asubuhi, mwaka mzima, kwenye shina la ua lililo karibu na mlango wa jiko. Hapo udongo huvuka mpaka upande wa pili, chuma hufungika, na majani machanga hupauka.

Bogonvilia hupatwa na hili kwa njia nyingine. Hupandwa ukutani, na ukutani ndipo mafundi walipomwaga mabaki ya saruji na chokaa nyumba ilipojengwa. Ukifukua kidogo utayakuta. Mmea uliopandwa kwenye kifusi hicho utakuwa na majani machanga yaliyopauka hata ukipulizia dawa za kuvu mwaka mzima. Uchimbie shimo jipya hatua chache kutoka ukutani, ujaze udongo wa msituni na mboji, uanze upya na kipandikizi.

Ikiwa bogonvilia imejaa majani mazito ya kijani na haina rangi, hiyo haiumwi, imeshiba. Sehemu yenye rangi kali tunayoiita ua ni majani yaliyobadilika, na ua lenyewe ni kile kijineli cheupe kidogo katikati. Mmea huu ulichukuliwa Brazil mwaka 1767 na mtaalamu wa mimea Philibert Commerson, aliyekuwa katika safari ya baharini ya Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, na bado una tabia ya nchi ya jua na ukame: hutoa rangi unapokosa maji kidogo na mbolea kidogo. Urea iliyobaki shambani ikimwagwa kwenye shina lake huleta majani laini, na majani laini huita vidukari. Kudondosha majani mengi wakati wa Agosti na Septemba ni kawaida yake. Kudondosha majani ya njano wakati wa mvua, udongo ukiwa umelowa siku zote, kunasema kwamba mizizi inazama, na hapo kinachotakiwa ni mfereji.

Baada ya mahali, ligeuze jani. Hatua hii ndogo huachwa na wengi, ilhali nusu ya maradhi ya kiangazi hukaa upande wa chini. Jani la mpasheni lenye vidoa vidogo sana vya kupauka kwa juu, linaloelekea rangi ya shaba, ukiligeuza na kuliweka kwenye mwanga utaona vumbi linalotembea na nyuzi nyembamba. Huo ni utitiri mwekundu. Una miguu minane, ni ndugu wa buibui, na dawa nyingi za wadudu hazimuui. Mbaya zaidi, zile za kuua wadudu kwa kugusa huwaua wadudu wanaomla utitiri, na wiki mbili baadaye utitiri unarudi ukiwa maradufu. Watu hudhani dawa ilikuwa feki. Dawa ilikuwa halisi, ila iliua walinzi. Utitiri hupenda vumbi na ukavu, kwa hiyo maji yaliyorushwa kwa nguvu upande wa chini wa majani, mara kwa mara, ni tiba ya kweli. Salfa nayo huuua, nitaieleza mbele.

Vidukari hukaa kwenye vilele, majani hujikunja kwa ndani, na chini yake kuna utomvu unaonata. Juu ya utomvu huo huota ukungu mweusi kama masizi, na mwenye bustani hulalamikia masizi. Masizi hayali jani, yanakula sukari iliyodondoshwa na mdudu. Ondoa mdudu kwa maji ya sabuni laini, kijiko kidogo cha chai kwa lita moja, jioni, na masizi yatakauka yenyewe.

Kuhusu sisimizi niseme kwa kirefu kidogo, kwa kuwa huwapotosha wengi. Mpasheni una vinundu viwili kwenye kikonyo cha kila jani, karibu na pale jani linapoanza, na vinundu hivyo hutoa asali. Sisimizi huja kuilamba, na wakiwa hapo huwafukuza viwavi. Kuwaona wakipanda na kushuka mpasheni hakumaanishi kwamba mmea umeshambuliwa. Fuata wanapoishia. Wakisimama kwenye vikonyo, waache. Wakiishia kileleni penye majani yaliyojikunja, wanachunga vidukari na kuwalinda dhidi ya maadui, na hapo wamekuwa sehemu ya tatizo.

Kisha pitisha kidole. Jani la boga lenye unga mweupe ukilifuta na unga ukatoka, ni ubwiri unga. Weupe usipofutika, na umekaa kwa mpangilio penye makutano ya mishipa, hiyo ni rangi ya asili ya aina hiyo ya boga, na watu wengi wamenyunyizia dawa juu ya majani mazima kwa kutojua hilo. Ubwiri unga ni kuvu wa ajabu kidogo: hauhitaji jani lililolowa, hupenda unyevu wa hewa na kivuli, na mara nyingi hushika majani ya zamani mwishoni mwa msimu. Boga lililokwisha kukomaza matunda likishikwa Aprili, sioni sababu ya kulitibu.

Ruvuma inaufahamu ubwiri unga kupitia zao lingine. Wakulima wa korosho wa Tunduru, upande wa mashariki wa mkoa huuhuu, hupuliza salfa ya unga kwenye mikorosho kila msimu kwa ajili ya ugonjwa wa jina hilohilo, ingawa kuvu wake ni wa aina nyingine. Wakulima wa kahawa wa Mbinga wanaijua dawa ya shaba, wanayoiita kopa, kwa kutu ya majani na ugonjwa wa chule ya buni. Korosho na kahawa ndizo zilizozifanya salfa na kopa ziwe dawa za kawaida katika mkoa huu, na mwenye mpasheni au boga bustanini huuziwa kilichopo.

Dawa hizi mbili zina historia inayofaa kujulikana, kwa sababu zote zilipata sifa kwenye mmea unaotambaa, yaani mzabibu. Mwaka 1845 mtunza bustani Edward Tucker wa Margate, Uingereza, aliona unga mweupe kwenye mizabibu yake. Ugonjwa ule ukaenea Ulaya na kuangusha mavuno ya Ufaransa, na salfa ndiyo iliyouzuia. Miongo michache baadaye ukaingia ugonjwa mwingine kutoka Marekani, ubwiri vinyoya, na salfa ikashindwa. Mwanasayansi Pierre-Marie-Alexis Millardet alitambua kwamba mizabibu ya kando ya barabara iliyopakwa mchanganyiko wa shaba na chokaa ili wapita njia wasiibe zabibu ilikuwa imebaki na majani yake. Mwaka 1885 akatangaza mchanganyiko unaoitwa hadi leo kwa jina la mji wa Bordeaux.

Ubwiri unga na ubwiri vinyoya vinafanana majina na vyote viwili ni ukungu machoni, lakini havina undugu. Unga hukaa juu ya jani na hufutika. Vinyoya huanza kama madoa ya njano yenye kona, yaliyokatwa na mishipa, na upande wa chini asubuhi yenye umande kuna manyoya ya kijivu. Salfa hufanya kazi kwa cha kwanza na haifanyi kwa cha pili. Shaba hufanya kazi kwa cha pili, mradi imetangulia kufika kwenye jani kabla ya ugonjwa. Zote mbili ni ngao na haziponyi jani lililokwisha kuliwa. Anayengoja madoa yajae ndipo anunue kopa amechelewa, na fedha yake inalinda majani yajayo tu. Salfa isipulizwe mchana wa joto kali la Oktoba na Novemba, kwa kuwa huunguza majani, hasa ya jamii ya maboga, na isikutane na mafuta ya kupulizia kwa muda wa wiki mbili hivi.

Kwenye mpasheni, doa la mvua linalosumbua zaidi ni doa la kahawia, linaloletwa na kuvu aina ya Alternaria. Huanza kama vitone vidogo, hukua, katikati hupauka, jani hudondoka. Kwenye shina huwa mabaka meusi marefu karibu na vifundo, na kwenye tunda hubonyea duara la kahawia. Dawa yenye mankozebu au shaba hutumika, lakini kabla yake kuna kazi ambayo wengi wetu tunaikwepa, yaani kupogoa. Mpasheni usiopogolewa hujenga godoro la matawi makavu na mabichi, mvua ikinyesha leo ndani yake panabaki pamelowa hadi kesho kutwa, na kuvu huhitaji saa kadhaa tu za jani lililolowa ili kuota. Ondoa matawi yaliyokufa ndani, acha mengine yaning'inie kutoka kwenye waya bila kugusa udongo, okota majani yaliyodondoka uyachome au uyafukie mbali. Fanya hivyo kiangazi kabla ya mvua za kwanza. Kwa bustani ya nyumbani yenye mipasheni miwili au mitatu, naamini kazi hiyo peke yake huondoa zaidi ya nusu ya shida.

Kupogoa huko lakini kunaweza kuwa ndiko kunakoeneza ugonjwa ulio mbaya kuliko yote.

Jani changa la mpasheni likitoka likiwa na mabaka ya kijani kilichokolea na kijani kilichopauka, uso wake umekunjamana, ni batobato. Matunda yatakayofuata yatakuwa madogo, yamepinda, ganda limekuwa gumu kama gamba la mti, na ndani kuna maji kijiko kimoja. Virusi ndivyo vinavyosababisha, na si aina moja tu. Watafiti wa Uganda walipochunguza mipasheni ya nchi yao walikuta kirusi ambacho hakikuwa kimeelezwa kabla, wakakipa jina la Uganda. Kingine kinachopatikana kwenye mipasheni ya Afrika Mashariki ni kile cha batobato ya kunde, ambacho huishi pia kwenye kunde zenyewe. Mpasheni na kunde zisipandwe zikigusana.

Kwa batobato hakuna tiba, wala dawa ya wadudu haizuii. Hapa ndipo wauzaji na wanunuzi hupotezeana fedha zaidi, kwa hiyo sababu ielezwe. Vidukari huvibeba virusi hivi kwenye ncha ya mdomo. Kidukari mwenye mbawa akitua kwenye mpasheni mgonjwa, akachoma mara moja kuonja, anaondoka na virusi. Akitua kwenye mzima, akachoma mara moja, ameviacha. Yote ni sekunde chache hadi dakika, na wala hahitaji kuupenda mpasheni, anapita tu akitafuta mmea wake. Dawa iliyo kwenye jani itamuua pengine, lakini baada ya saa, na kazi imekwisha kufanyika. Pengine dawa itamsumbua tu, na akisumbuliwa huruka na kuonja mimea mingi zaidi.

Mtu naye hufanya kazi ya kidukari kwa mkasi. Utomvu wa mmea mgonjwa ukibaki kwenye makali, mmea unaofuata umechanjwa. Kwa hiyo pogoa mimea mizima kwanza, yenye wasiwasi mwisho, na chovya makali kwenye maji ya dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini kila unapohama mmea. Miche ioteshwe kwa mbegu za tunda zuri mahali palipo mbali na mipasheni ya zamani, kwa kuwa kipandikizi kilichokatwa kwenye mmea mgonjwa ni mgonjwa tangu siku ya kwanza. Mmea wenye batobato ung'olewe. Najua uzito wa neno hilo kwa mama aliyeumwagilia tangu Julai na sasa una maua. Lakini kila wiki unapobaki ukutani ni chanzo kwa kila mpasheni wa mtaa, na hautazaa tunda la kuuza.

Kabla ya kung'oa, hata hivyo, uhakikishe kwamba kilichokunja majani si dawa ya magugu. Madaba ni nchi ya mahindi, na mwanzoni mwa msimu mabomba ya dawa ya magugu huwa kazini kila upande. Dawa za kuua magugu ya majani mapana huchukuliwa na upepo, na mpasheni, mzabibu na boga ni wepesi kudhurika nazo: majani machanga hutoka membamba, yamejikunja kama kikombe, mishipa imesogeleana. Tofauti yake na batobato iko katika uenezi. Dawa ikipita hugusa mimea ya aina mbalimbali kwa siku zilezile, boga, nyanya, fiwi na mpasheni kwa pamoja, na zaidi ile iliyoelekea shamba la jirani. Virusi kwa kawaida hushika aina moja, mmoja hapa mwingine kule. Tena mmea uliopigwa na dawa kidogo hutoa baadaye majani ya kawaida, lakini wenye virusi unaendelea kutoa yaliyokunjamana. Wiki tatu za kungoja zinatosha kuamua. Mara nyingine mkosaji ni bomba lako mwenyewe lililopuliziwa dawa ya magugu juzi na leo likajazwa dawa ya vidukari. Bomba la magugu liwe la magugu tu.

Upo pia mnyauko. Mpasheni uliokuwa mzima Jumatatu unalegea mchana wa Jumatano, mara nyingi upande mmoja kwanza, na maji hayausaidii. Usihangaike na jani tena, shuka kwenye shina. Kata karibu na ardhi: mbao ya ndani ikiwa na rangi ya kahawia, ni mnyauko wa fuzari, kuvu anayekaa ardhini miaka mingi. Ganda likiwa limeoza na kulowa pale shina linapogusa udongo, ni kuoza kwa shina kunakoletwa na maji yaliyotuama. La pili huzuiwa kwa tuta na mfereji. La kwanza huzuiwa kwa mche uliobebeshwa: pasheni ya zambarau, inayopenda baridi ya nyanda za juu kama vilima vya Wino hapa Madaba, penye mashamba ya misindano, hubebeshwa juu ya shina la pasheni ya njano, ambalo linavumilia fuzari zaidi. Kiungo kikae juu ya udongo, kisifukiwe, la sivyo ya zambarau itatoa mizizi yake na faida itapotea. Wenye tangawizi wasiogope hapa: fuzari wa mpasheni ana mmea wake na hahamii kwenye tangawizi.

Juu ya kupuliza dawa nina mambo mawili ambayo siyaoni yakisemwa inavyotakiwa. La kwanza ni saa. Ua la pasheni ya zambarau hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. La pasheni ya njano hufunguka kwenye saa sita mchana na kubaki wazi hadi usiku. Wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao ndio wachavushaji wake wakuu, na pasheni ya njano haiwezi kujichavusha yenyewe. Mwenye ya zambarau apulize jioni, mwenye ya njano apulize asubuhi na mapema. Anayepuliza wakati ua liko wazi anaweza kuokoa majani na kukosa matunda, halafu akaja dukani kuuliza dawa ya maua kupukutika.

La pili ni majani ya maboga. Yale yale yanayopuliziwa ndiyo yanayochumwa kwa chakula cha jioni, na boga lenyewe mara nyingi limepanda juu ya uzio uleule wa mpasheni. Kila dawa ina idadi ya siku za kungoja kabla ya kuvuna, imeandikwa kwenye lebo, na hutofautiana sana. Dawa isiyo na lebo ya Kiswahili, iliyofungwa upya kwenye chupa ya soda, haina siku zozote zinazoweza kuaminika. Tangu Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, usajili na udhibiti wa viuatilifu uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao makuu Arusha, na namba ya usajili inapaswa kuonekana kwenye kifungashio. Kwa boga la kula majani, ushauri wangu ni kutopuliza kabisa: chuma majani yenye unga uyatupe, acha machanga, na msimu ujao panda kwa nafasi.

Bwana shamba au bibi shamba wa kata ndiye wa kwanza kuitwa, na aitwe aje bustanini. Akishindwa kufika, mpelekee zaidi ya jani. Kata tawi zima lenye majani ya zamani na machanga, ongeza tunda lenye kasoro, kipande cha shina la chini na udongo kidogo wa penye mizizi, vyote vifungwe kwenye gazeti kavu, maana mfuko wa plastiki huozesha njiani. Andika tarehe dalili ilipoanza, ulichopuliza na lini, na kilichopandwa jirani. Simu siku hizi inasaidia: picha ya mmea mzima kutoka mbali, picha ya upande wa chini wa jani, picha ya shina penye udongo. Kwa fungu hilo hata mtaalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole au wa chuo kikuu cha kilimo Morogoro ana pa kuanzia.

Na ikithibitika kuwa ni batobato, mazungumzo yahamie kwa majirani. Mpasheni mmoja uking'olewa na mitatu migonjwa ikabaki kwenye nyua za pande mbili, mche mpya utapata virusi kabla haujafika kwenye waya. Nyumba tano au sita zinazopakana zikikubaliana kung'oa kwa wiki moja Septemba, kabla vidukari vyenye mbawa havijaongezeka na mvua hazijaanza, na kupanda miche ya mbegu mwezi wa kumi na mbili, hapo ndipo mpasheni wa Madaba una nafasi ya kuzaa misimu kadhaa mfululizo. Kikao cha kitongoji kinatosha kulipanga, na gharama yake ni jembe.